Leseni ya Fundi Inauza Nini?

Wasee wangu, hii ni ndefu. Kama uko kwenye matatu na pale Kongowea kumeshika jam, utaimaliza kabla hujashuka.

Nianze na ami yangu. Ana kibanda hapa Mishomoroni: meza moja, viti vitatu, na feni iliyokuwa imekufa akaifufua mwenyewe. Anatengeneza simu, redio, sabufa, pasi, blenda, na ukimbembeleza sana hata friji ataifuata nyumbani kwako. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kila mtu nyumbani alikuwa na hotuba yake. Ami hakuwa na hotuba. Alinisukumia kiti, akanipa bisibisi, akaniambia, "Fungua hiyo." Nilikaa pale miezi saba. Maiki ninayorekodia video mpaka leo ilikuwa ya kutupwa, na yeye ndo aliyeifanya iongee tena.

Mwezi wa kwanza nilipita kumsalimia nikamkuta na kikaratasi mbele yake. Upande mmoja kaandika karo ya binti yake, kodi ya kibanda na spea. Upande wa pili kaandika neno moja tu, leseni, na namba chini yake. Akanitazama.

"Ami, wewe ni msomi."

"Nusu msomi," nikamjibu.

"Basi nusu hiyo inisaidie. Bei ya leseni naijua. Lakini mpaka leo sijajua yaniuzia nini."

Sikuwa na jibu siku hio. Nimezunguka nalo swali hilo wiki kadhaa, nimesoma sheria, nimeuliza mafundi wengine, na sai nina jibu. Halitapendeza watu wa ofisini. Kwa fundi mdogo wa vifaa vya umeme, leseni ya biashara haiuzi kitu isipokuwa kutosumbuliwa. Unalipa ili ukiulizwa "leseni iko wapi?" uoneshe ukutani. Basi. Karatasi inakulinda na mtu aliyekuuzia karatasi.

Na msimamo wangu ni huu: ada ya fundi mdogo ishushwe mpaka iwe kitu cha jina tu, ama ianze kununua huduma inayoonekana kwa macho. Yote mawili yanawezekana. Kinachoendelea sasa ndicho kisichokubalika.

Kabla hamjaniruka, twende kwenye sheria. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, ndo orodha ya kazi za serikali za kaunti. Ni fupi, utaisoma ukingoja chapati igeuzwe. Namba 7 inaipa kaunti kazi ya kukuza na kusimamia biashara, na ndani yake herufi (b) ni leseni za biashara. Kwa hivyo anayekwambia kaunti haina mamlaka ya kutoa leseni anakudanganya. Mamlaka inayo, na tulipiga kura sisi wenyewe, ama wazazi wetu.

Lakini usiishie hapo. Sogea herufi moja tu. Namba 7(c): biashara ya haki. Yaani kaunti ile ile iliyopewa leseni imepewa pia kazi ya kuhakikisha mteja hapunjwi na muuzaji hapunjwi. Rudi juu namba 2(g): kuzoa taka, majaa ya taka, na kutupa taka ngumu. Shuka namba 9: chekechea na vyuo vya ufundi. Hizo ni kazi tatu, na zote tatu zinamgusa fundi wa simu na redio moja kwa moja. Taka zake ni za aina ya pekee. Wateja wake wanahitaji pa kulalamika. Ujuzi wake unahitaji cheti.

Sasa piga hesabu ya heshima. Ile (b) inakumbukwa kila mwaka bila kukosa, na ina fomu, ina risiti, ina watu wa kuifuatilia. Hizo nyingine tatu, muulize fundi yeyote mtaani kwenu mara ya mwisho ameziona lini kwenye kibanda chake.

Kuna na kifungu cha 209. Kinataja kodi ambazo kaunti inaweza kutoza: kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na nyingine ambayo Bunge limeiruhusu kwa sheria. Halafu kinaongeza kwamba serikali zinaweza kutoza ada kwa huduma zinazotoa. Soma tena hapo: ada kwa huduma. Ada inatakiwa iwe na kitu upande wa pili, kama unapolipia maji ukapata maji. Kama hakuna kitu upande wa pili, hio ni kodi iliyovaa kanzu ya ada. Na kama ni kodi, kifungu cha 201 kinataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki.

Je, umegawanywa kwa haki? Hapa ndo nataka mnisikize vizuri.

Hii leseni moja ya biashara ilizaliwa enzi za mabaraza ya miji, kabla kaunti hazijakuja 2013. Nia yake ilikuwa nzuri: badala ya mtu kukimbizana na leseni kadhaa, apate moja. Lakini jedwali lake linapima biashara kwa vitu viwili vikubwa: una wafanyakazi wangapi, na sehemu yako ina mita ngapi za mraba. Halikuulizi unapata nini. Halijali kama mwezi mzima umetengeneza simu nne. Linahesabu vichwa na sakafu.

Tuchukue mfano wa hesabu, namba ni zangu za kuelezea tu. Fundi anabaki na faida ya shilingi 800 kwa siku baada ya spea, na anafanya kazi siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 20,800 kwa mwezi, 249,600 kwa mwaka. Tuseme leseni na viambatanisho vyake, mambo ya zimamoto na kibao cha jina, vinafika 10,000. Huyu ametoa karibu nusu ya faida ya mwezi mzima. Kwa mwaka ni asilimia 4 ya faida yake. Sasa chukua duka kubwa la kuuza TV mpya, lenye faida ya 400,000 kwa mwezi. Tuseme hilo linatozwa mara tano zaidi, 50,000. Kwa mwaka limetoa asilimia 1 na kidogo. Umeona? Mkubwa analipa mara tano na bado mzigo wake ni robo ya mzigo wa mdogo. Weka namba za risiti yako mwenyewe pale, uone inakupeleka wapi.

Na angalia serikali ya taifa inavyofanya, maana hata hao tunaowalalamikia kila siku wana kipimo. Kodi ya mauzo ya biashara ndogo ilipandishwa na Sheria ya Fedha ya 2023 kutoka asilimia 1 hadi 3, na tulipiga kelele, haki yetu. Lakini inaanzia kwa mwenye mauzo ya milioni moja kwa mwaka. Chini ya hapo hawakugusi nayo. Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Kabisa ya 2012 nayo imeshatoa tafsiri: mwenye mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka ni mfanyabiashara mdogo kabisa. Yaani nchi hii tayari ina mstari wa kusema "huyu bado ni mdogo, mwacheni akue." Leseni ya biashara ndo haina mstari huo. Inaanza kukudai kabla hujafungua mlango, kabla mteja wa kwanza hajakuletea simu iliyoingia maji.

Ama mmesahau ile ya 2019? Kulikuwa na kodi ya kukadiria, asilimia 15 ya ile ada ya leseni, unailipa ukienda kuchukua leseni. Kodi juu ya ada! Ilifutwa 2020. Nawakumbusha ili mjue kwamba mtu mdogo akishaandikishwa kwenye daftari, kila ofisi yenye njaa huja kusoma daftari hilo hilo.

Na usifikiri ni shida mpya. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kubwa kuhusu Kenya. Ndo ripoti iliyolifanya neno la "sekta isiyo rasmi" lijulikane ulimwenguni, na walilipata kwa kutazama watu wetu wa jua kali. Waliiambia serikali iache kuwabomolea watu na ipunguze leseni zisizo na maana. 1972, wasee. Babu yangu alikuwa kijana. Zaidi ya miaka hamsini baadaye bado tunaeleza jambo lile lile kwa watu waliovaa suti mpya.

Tuje kwenye taka sasa, maana hapa ndo napandwa na hasira.

Mnakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024? Ndani yake kulikuwa na ushuru wa mazingira, na vifaa vya elektroniki vilikuwa kwenye orodha. Hoja yao ilikuwa kwamba vitu hivi vikiharibika vinakuwa taka, kwa hivyo anayeviingiza alipe. Tarehe 25 Juni tukaingia barabarani, Mombasa pia, na siku iliyofuata Rais akasema hatii saini. Mswada ukafa pamoja na ushuru wake. Kuna vijana waliokufa pia, na hao hawarudi. Mungu awarehemu.

Lakini ile hoja ya taka yenyewe ilikuwa na ukweli ndani yake. Mwaka 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za taka za elektroniki, na hata robo yake haikukusanywa na kurejelewa kwa njia inayoeleweka. Hio ni hesabu ya Umoja wa Mataifa. Sasa niambie, ni nani pale Kisauni anayezuia simu isiwe taka? Nani anayechukua TV iliyopigwa na stima, akabadilisha kidude cha bei ndogo, ikaishi miaka mingine minne? Ni fundi. Kila sabufa inayotoka kwenye kibanda cha ami ikipiga taarab ni sabufa moja ambayo haikwenda Mwakirunge. Taka za mji huu zilihamishwa kutoka Kibarani zikaletwa upande wetu, Mwakirunge, kwenye Kisauni yetu hii hii. Moshi na harufu tunazijua. Na mtu anayepunguza mlima ule kwa mikono yake, bure, tunamtoza ada ya kufanya hivyo.

Austria walianza mpango 2022: ukipeleka kifaa chako kwa fundi aliyejiandikisha, serikali ilikuwa inalipa nusu ya gharama, hadi yuro 200. Kule fundi kuandikishwa ni faida, maana kunamletea wateja. Najua, najua, Austria ni tajiri na sisi ni Mishomoroni. Siombi yuro 200. Naonesha mwelekeo tu. Wao wanasukuma watu waende kwa fundi. Sisi tunamsukuma fundi atoke kibandani.

Chukua mfano mwingine, California, ambako fundi wa vifaa vya umeme lazima ajisajili na serikali ya jimbo na alipe ada. Mtu atasema, unaona, hata Marekani wanatoza! Ndio wanatoza. Lakini ile ofisi inayomsajili ndo hio hio inayopokea malalamiko ya mteja na kuwasuluhisha. Na tangu Julai 2024 wana sheria inayomlazimisha mtengenezaji kama wa simu au friji atoe spea, vifaa na maelekezo kwa mafundi wa nje, hata kama si mafundi wa kampuni yake. Kwa hivyo ukilipa ada kule, unaweza kunyoosha kidole ukasema nimenunua hiki na hiki. Ami yangu akinyoosha kidole kinagonga ukuta wa mabati.

Hata jirani. Desemba 2018 Tanzania ilianza vitambulisho vya wajasiriamali wadogo: shilingi 20,000 za kwao kwa mwaka, kwa mwenye mauzo chini ya milioni 4 za kwao. Ukishakuwa nacho huongezewi ushuru mwingine mdogo mdogo. Haukuwa mpango msafi, sitawadanganya. Viongozi wa mikoa walikabidhiwa vitambulisho wavigawe, na kuna mahali viligeuka kuwa vya kulazimishana. Lakini angalau mtu alikaa chini akasema mdogo awe na bei yake, bei moja, inayojulikana, na akishalipa aachwe. Kwetu hapa bei ya mdogo ni bei ya mkubwa iliyopunguzwa kidogo.

Sasa najua komenti zinazokuja. Nizijibu mapema.

Ya kwanza: "Kaunti itaendeshwa na nini, na nyinyi mnataka taa za barabarani?" Swali zuri. Kwanza, kaunti zote zinagawiwa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, hiyo ni Katiba, kifungu cha 203. Pili, ina kodi ya ardhi na majengo, na mji huu una majumba. Tatu, kila shilingi inayokusanywa kwa mtu mdogo ina gharama zake: gari, mafuta, karani, askari, karatasi. Kumkimbiza mtu wa meza moja Mishomoroni mpaka Barsheba ili akupe pesa iliyokwishaliwa na safari ya kumkimbiza, hesabu hiyo haijaniingia. Mimi sisemi watu wasilipe. Nasema walipe kwa kadiri ya wanachopata, na waone kilichonunuliwa.

Ya pili: "Bila leseni mtaani kutajaa matapeli na wauza simu za wizi." Hapa nawaunga mkono nusu. Matapeli wapo. Mimi mwenyewe nilipeleka laptopu mahali, si Mishomoroni, ikarudi bila memori yake. Lakini niambie, leseni ya sasa inamzuia vipi tapeli? Haimuulizi kama anajua kushika mita. Haimtaki awe na daftari la namba za simu anazopokea. Mwizi mwenye pesa analipa siku moja na kutundika karatasi ukutani, na fundi mwaminifu aliyekosa pesa mwezi wa kwanza anaonekana ndiye mhalifu. Kama lengo ni uaminifu, pima uaminifu. Sai kinachopimwa ni mfuko.

Ya tatu, hii inatoka kwa watu wenye mshahara: "Si pesa nyingi, kwa mwaka mzima." Sawa, basi ichukue kwa mwaka mzima. Mbona inadaiwa kwa mkupuo? Nchi hii kila kitu kinauzwa kadogo. Mafuta ya kupikia yanapimwa ya shilingi ishirini. Tokeni za stima unanunua za hamsini. Bando unanunua ya saa moja. Hata ile Hustler Fund, serikali yenyewe ilipoianzisha Novemba 2022, ilianza kukopesha kwa shilingi 500 kupitia simu. Wanajua kabisa tunavyoishi. Wanajua kutukopesha kidogo kidogo kwa simu, lakini kulipwa kidogo kidogo kwa simu ndo hawajui? Na zamu ya leseni iangukie Januari, mwezi wa karo, mwezi ambao hata mteja anayekuja na simu ya kuvunjika anasema "iweke fundi, ntarudi mwisho wa mwezi."

Ya nne, nimeisikia kwa fundi mwenyewe, mkubwa kidogo, mwenye duka mjini: "Mimi nalipa, mbona hao wa vibandani wasilipe? Wananiharibia bei." Ndugu yangu, nakuelewa. Lakini wewe na wa kibandani hamgombani. Mnalipia kitu kimoja kisichowapa nyote chochote. Ukidai huduma, utamkuta upande wako.

Kwa hivyo tunataka nini? Maana kulalamika bila dai ni burudani tu, na mimi nina video za burudani, nendeni kule.

Moja. Kuwe na daraja la mdogo kabisa, kwa kutumia mstari ambao sheria ya 2012 tayari umeuchora: mauzo yasiyozidi 500,000 kwa mwaka. Daraja hilo lilipe ada ya jina tu, na anayeanza asilipe mwaka wa kwanza. Mche haukatwi kuni.

Mbili. Kulipa kwa awamu, kwa simu, mwezi kwa mwezi. Ukilipa mwezi wa nne, hadi mwezi wa nne uko halali. Hapo utaona wangapi walikuwa wanakwepa na wangapi walikuwa hawana tu.

Tatu. Mwanafunzi wa kibandani asihesabiwe kama mfanyakazi. Jedwali linalohesabu vichwa linamwambia fundi: usifundishe mtu, utapanda ngazi. Mimi nilikuwa kichwa kimoja kati ya hivyo. Pale kwa ami sasa kuna vijana wawili, mmoja alimaliza kidato cha nne akakosa pa kwenda. Hakuna anayemlipa ami kuwafundisha. Hicho ni chuo, kisichokuwa na geti.

Nne. Leseni ibebe huduma, na ziandikwe nyuma ya karatasi yenyewe ili mtu ajue cha kudai. Kwanza, bodi mbovu na betri zilizovimba zije kuchukuliwa kwa ratiba, si fundi azichanganye na maganda ya viazi. Pili, vyuo vya ufundi vya kaunti viwaandae mafundi wa mtaani kwa mtihani wa kazi wa NITA, wale waliojifunza kwa mikono wapate cheti bila kuanza upya darasani. Tatu, dawati la malalamiko, ambapo mteja aliyeibiwa memori ana pa kwenda, na fundi aliyeachiwa simu ya wizi ana pa kuripoti bila yeye mwenyewe kuwa mshukiwa wa kwanza. Hayo yote ni 2(g), 9 na 7(c). Sijabuni chochote. Nimesoma tu herufi zilizo jirani na ile wanayoipenda.

Wakitupa hivyo, wallahi mimi mwenyewe ntatengeneza video ya kuwahimiza mafundi walipe. Bure, bila kudhaminiwa.

Sasa nimalizie na sisi, maana ni rahisi kumpiga mawe aliye mbali.

2024 tulifanya kitu ambacho wazazi wetu hawakuwahi kufanya. Tulichukua mswada wa Nairobi tukausoma kifungu kwa kifungu, tukautafsiri kwa Kiswahili, kwa Sheng, mpaka kwa lugha ya ishara. Mama mboga alijua kilicho ukurasa gani. Lakini niulize: mswada wa fedha wa kaunti yetu umeshawahi kuuona? Upo. Kila mwaka upo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inalitaka bunge la kaunti liushughulikie ndani ya siku 90 baada ya kupitisha sheria ya matumizi. Na ndani ya mswada huo ndo kuna jedwali la ada zote, fundi wa redio, kinyozi, mama wa mahamri, wote wamo na bei zao. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimisha bunge la kaunti lishirikishe wananchi. Maana yake kuna siku watu wanaitwa waseme. Na mkutano ukiitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, fundi yuko kibandani anatafuta hizo 800, na sisi tuko kitandani na simu aliyoitengeneza yeye.

Wengi wetu hatuna leseni wala kibanda. Lakini tuna muda, tuna bando, na tunajua kusoma jedwali. Hilo ndo deni letu kwao. Mswada ujao ukitoka, ntauweka hapa, kurasa za ada zote, kwa Kiswahili cha mtaani. Kazi yako wewe ni kumtafuta fundi wako, yule aliyekubadilishia skrini akakuambia utalipa ukipata, umsomee mstari unaomhusu, umuulize anataka kusema nini. Maneno yake yaandikwe, yapelekwe kwa maandishi, na yapokelewe kwa muhuri. Barua yenye muhuri ni ngumu kusema haikufika.

Ami bado hajaamua. Ameniambia ikizidi ataifunga ile meza arudi kutembea na mkoba, nyumba kwa nyumba, kama alivyoanza. Yeye hatakufa njaa, mikono yake inajua kazi. Lakini mkobani hakuna kiti cha kumkaribisha kijana aliyeacha chuo, na wale wawili sijui wataelekea wapi.

Risiti yako ya leseni iangalie leo. Igeuze nyuma. Kama ni tupu, sasa unajua cha kudai kiandikwe hapo.